Tumefika Urambo tu, watoto wameshaanza: kutafuta chanzo cha vurugu za siti ya nyuma

Kutoka Tabora mjini hadi Kigoma kwa njia ya Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza ni zaidi ya kilomita 400. Mtu mzima anazikalia akiwaza madeni yake. Mtoto wa miaka sita hana deni la kuwaza, kwa hiyo kabla hata hamjaiacha Urambo ameshaanza: analia, anapiga teke siti ya dereva, anamfinya mdogo wake, anataka soda, anataka simu, anataka kurudi kwa bibi. Wazazi wengi tunayatibu yote hayo kwa dawa moja, simu. Simu ikiisha chaji tunahamia kwenye kufoka.

Fundi wa gari hakimbilii spana. Anasikiliza kwanza mlio unatoka wapi, na hapa tufanye hivyo hivyo. Vurugu nyingi za safarini hazitokani na utundu; nyuma yake kuna tumbo, jua, kibofu, miguu iliyokufa ganzi, au mtoto asiyejua amefika wapi na ambaye hajapewa kazi yoyote ya kufanya. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote, na nitalirudia mara kadhaa. Nimeandika nikifikiria gari la familia kwenye njia hiyo, ila mengi yanafaa hata kwa basi na treni.

Kwanza hakikisha si ugonjwa

Mtoto aliyechoka kukaa hulalamika, hutulia akipewa kitu kipya, kisha hulalamika tena. Mtoto mgonjwa hatamani kitu. Ukiona amelegea, mwili ni wa moto, anakataa hata kinywaji anachokipenda, au anaendelea kutapika gari likiwa limesimama, acha michezo na utafute kituo cha afya kilicho karibu. Mikoa hii ina malaria, na homa ya mtoto haisubiri mpaka mfike kwa shangazi.

Dalili: "Bado sana?" kila baada ya dakika mbili

Sababu ni kwamba mtoto hana kipimo. Ukimwambia "bado saa tano" hujamwambia kitu. Saa tano kwake ni neno tu. Ukimwambia "karibu tunafika" mkiwa Kaliua, umemdanganya, na tangu hapo hatakuamini hadi mwisho wa safari. Ndiyo maana anauliza tena: anatafuta jibu lenye maana, na hajalipata.

Mpe kipimo anachoweza kukishika mkononi. Kata kamba ya katani, funga fundo moja kwa kila mji mtakaopita: Urambo, Kaliua, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, Kidahwe, Kigoma. Kila mkipita mji, mtoto anafungua fundo lake. Mafundo yaliyobaki ndiyo safari iliyobaki, na hata asiyejua kusoma anayaona. Anayejua kusoma mwandikie orodha kwenye karatasi ngumu na umpe kalamu ya kukatia. Akiuliza "bado sana?", jibu ni "angalia kamba yako". Baada ya kuulizwa hivyo mara chache ataacha kuuliza, atakuwa anakutangazia.

Katikati ya miji kuna pori refu, na hapo ndipo kamba inapomchosha mtoto kwa sababu fundo halifunguki. Jaza pengo hilo kwa vitu vya kutafuta nje ya dirisha, na visiwe vitu vya popote. Upande wa Urambo na Kaliua atafute mabani ya tumbaku, vile vijumba virefu vya kukaushia. Kwenye miti ya miombo atafute mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu. Asali ya Tabora inayouzwa kwenye chupa barabarani inatoka humo. Mto Malagarasi una daraja kubwa, Daraja la Kikwete, na anayeliona wa kwanza apewe heshima yake. Mkikaribia Kigoma, michikichi inaanza kuonekana, na wa kwanza kuuona mchikichi ndiye anayetangaza kwamba mawese yako karibu.

Watoto wa darasa la nne kwenda juu wanaweza kulishwa kitu kizito zaidi. Waambie kwamba upande huu ndio uliopita misafara ya zamani ya kwenda Ujiji, kwa miguu, mizigo kichwani, wiki baada ya wiki. Uvinza palichemshwa chumvi tangu enzi za kale, na watu walitoka mbali kuifuata. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, kisha wote wawili wakaja hadi Kwihara, pale pale nje kidogo ya Tabora, mwanzoni mwa 1872. Reli mnayokutana nayo njiani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Halafu uliza: msafara wa miguu ungekuwa umefika wapi saa hii, tangu tulipoondoka asubuhi? Mtoto aliyekuwa ananung'unika kwa ajili ya saa tatu za gari atakaa kimya kidogo akipiga hesabu. Baadhi watauliza walikuwa wanajisaidia wapi. Jibu kwa ukweli, hilo ndilo swali linalowavutia.

Dalili: amenyamaza ghafla, anapiga miayo, midomo imepauka, anameza mate

Wazazi wengi hufurahi mtoto akinyamaza. Ukimya huu usiufurahie. Una dakika chache kabla hajatapika.

Chanzo ni mvutano kati ya macho na sikio la ndani. Sikio la ndani linahisi gari likiyumba, likipanda na kushuka. Macho yanatazama kitabu, simu au mgongo wa siti ya mbele, na yanatoa taarifa kwamba hakuna kinachosogea. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi. Wachanga ni nadra sana.

Kwa hiyo simu uliyompa ili atulie inaweza kuwa ndiyo iliyomfikisha hapo. Ichukue. Fungua dirisha kidogo, mwambie atazame mbali mbele, pale barabara inapokutana na mbingu, na kichwa akilaze kwenye siti badala ya kukitikisa. Kama kuna mahali salama pa kusimama, simama, ashuke atembee. Wakati wa kupanga siti, anayetapika akae katikati ya siti ya nyuma ili aone mbele kupitia kioo kikubwa cha mbele. Kama bado anatumia kiti maalumu cha watoto, kile kinachomnyanyua kinamsaidia kuona nje. Usimhamishie siti ya mbele kama bado ni mdogo, hata akilia.

Asubuhi ya safari asile chapati zenye mafuta na chai ya maziwa vikombe viwili, wala asiondoke na njaa kabisa. Mkate mkavu, ndizi, au kiazi kitamu cha kuchemsha vinatosha, na maji kidogo kidogo njiani. Dawa za kuzuia kutapika zipo, lakini muulize mfamasia au daktari kabla, siyo konda wala jirani. Nyingine hazifai watoto wadogo na nyingi zinaleta usingizi mzito.

Kuhusu cha kutapikia: zamani tulitegemea mifuko ya rambo, nayo imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko ndiyo mkombozi. Ioshe vizuri, weka chini ya siti pamoja na chupa ya maji, kitambaa na fulana ya kubadili. Mfuniko ubane kweli kweli, maana kijiji kinachofuata kinaweza kuwa mbali.

Michezo inayomfaa mtoto wa aina hii ni ya mdomo na masikio tu. Chochote kinachomtaka atazame chini kisubiri mfike.

Dalili: "Mama, ananigusa!"

Hapa usipoteze muda kumtafuta nani alianza. Hakuna atakayekwambia ukweli, na hata ukiupata hautapoza kitu. Chunguza siti yenyewe.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni jua. Likizo ndefu za shule ni Juni na Desemba, na upande wa jua haufanani. Tabora na Kigoma ziko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua linapita upande wa kaskazini, hivyo mkielekea Kigoma, yaani magharibi, anayeungua ni wa dirisha la kulia. Mwezi Desemba jua limehamia kusini, anaungua wa kushoto. Wakati wa kurudi mnageuza. Mtoto anayeungua hajui kusema "nina joto upande mmoja". Anachojua ni kwamba mwenzake amekaa vizuri kuliko yeye, na kiwiko kinatoka chenyewe. Banisha kitenge kwenye kioo cha dirisha la nyuma upande huo, mradi dereva asizibwe vioo vyake. Mnaokata tiketi za basi, kumbukeni hesabu hii mnapochagua siti, ni bure.

La pili ni mpaka. Watoto wawili kwenye siti isiyo na mpaka watagombania ardhi kama wakulima na wafugaji. Weka begi dogo katikati, basi. Wakiwa watatu, wa katikati ndiye anayeonewa daima, kwa hiyo zamu ibadilike kila mji. Siyo kila saa, kwa sababu saa unaishika wewe na watakusumbua. Mji unaonekana na wote, hauna ubishi.

La tatu ni umri. Wa miaka kumi na wa miaka minne wakipewa mchezo mmoja, mkubwa anashinda kila mara na mdogo anaumaliza kwa meno. Tutalifikia hilo.

Dalili: anapiga teke siti, anaruka, anafungua mkanda

Mwili umechoka kukaa. Hakuna kitendawili kitakachotibu miguu. Simameni.

Kusimama kwetu mara nyingi ni kuchimba dawa tu: gari linaegeshwa pembeni, kila mtu kichakani, haraka, twende. Mtoto anapanda akiwa na mwili ule ule aliokuwa nao. Mpe dakika kumi za kukimbia kweli, na mahali pawe mbali na lami: uwanja wa shule ikiwa mmeomba, kituo cha mafuta chenye nafasi nyuma, mgahawa wenye ua. Pembezoni mwa barabara kuu, yanapopita malori na mabasi, hapana, hata kama panaonekana kweupe. Kidali po kinatosha, hata kwa watoto wawili na baba mmoja aliye tayari kukosa heshima kidogo. Mbio za kwenda hadi kwenye mti na kurudi zinatosha pia. Wapande wakiwa wanahema.

Mkiwa hamna pa kusimama, tumieni "nyama nyama". Kila Mtanzania aliyepita shule ya msingi anaujua: kiongozi anasema "Nyama nyama nyama!", wote "Nyama!" wakiruka, "Nyama ya mbuzi!", "Nyama!", "Nyama ya spana!", na aliyeruka ametoka. Garini mikanda ikiwa imefungwa, badala ya kuruka inueni mikono juu. Mikono ikipanda na kushuka mara ishirini damu inatembea, na kelele zinatoka kwa utaratibu. Mkiwa na ndugu wa Kigoma ndani ya gari, mtu asithubutu kutaja nyama ya mgebuka. Mabishano ya kama samaki ni nyama yanaweza kuwafikisha Uvinza, jambo ambalo, ukifikiria vizuri, si baya.

Mtoto akipiga yowe la ghafla la maumivu, huyo si mtukutu, tafuta mbung'o. Kwenye mapori ya miombo wanafuata magari yanayotembea na wanaingia kwa dirisha lililo wazi, na wanauma juu ya nguo. Fungeni vioo kwenye kipande hicho. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi zinawavutia, kwa hiyo sare ya shule ya bluu siyo nguo ya safari hii.

Dalili: mchezo unakufa baada ya dakika tano

Umejiandaa, umeandika orodha ya michezo, umetangaza wa kwanza kwa sauti ya mwalimu, na dakika tano baadaye kila mtu anatazama dirishani. Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu wengi wakifika hapa hukata tamaa na kurudi kwenye simu.

Sababu inayoongoza ni mzazi kuwa refa badala ya mchezaji. Mtoto anajua tofauti kati ya mchezo na njia ya kumnyamazisha. Kama mama anasema "haya, chezeni vitendawili" huku anaandika ujumbe, mchezo umeshakufa. Mtu mzima mmoja acheze, ashindwe, adhulumiwe, alalamike.

Sababu nyingine ni mchezo usio na kitu cha kupoteza. Wazee walilijua hili. Kitendawili cha Kiswahili kina bei: ukishindwa unatoa mji. Wengi siku hizi wanalitamka kwa haraka, "nipe mji, nakupa Dar", halafu jibu. Safarini lirudishe kwa nguvu zake zote. Kanuni ni moja: mji unaotolewa lazima uwe kwenye njia na uwe haujapitwa.

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Popote niendapo hunifuata."
"Mbwa!"
"Hapana."
"Trafiki!"
"Hapana, baba. Nipe mji."
"Nakupa Kaliua."

Aliyepewa Kaliua anaeleza kwanza alivyofika Kaliua, alivyopokelewa, alivyopikiwa wali na kuku, alivyoulizwa mbona baba yake hajui kitendawili chepesi. Na mwongo mzuri hapa anapigiwa makofi. Ndipo anatoa jibu: kivuli. Tangu hapo Kaliua ni yake. Gari likiingia Kaliua, yeye ndiye anayewakaribisha, yeye anachagua mtasimama wapi na nani anunue maji. Sasa miji iliyobaki imekuwa mali, na mtoto aliyekuwa anauliza "bado sana?" anaulizia mji wake umebakiza kilomita ngapi. Kigoma na Uvinza zisitolewe kwa vitendawili vyepesi vya yai na nanasi. Atakayezitaka alete kigumu. Mdogo asiyejua vitendawili atunge vyake. Vitakuwa havina kichwa wala miguu ("nina kitu changu chekundu") na mtashindwa kwa haki kabisa, naye atamiliki Nguruka.

Sababu ya tatu ni mkubwa kumshinda mdogo kila mara. Cheza kwa timu zilizochanganyika, mkubwa na mdogo pamoja dhidi ya wazazi, au tafuta michezo isiyohitaji elimu. Namba za magari ni mfano mzuri kwa sababu kila umri una sehemu yake. Wa miaka minne anatafuta rangi: bamba la njano ni la gari binafsi, jeupe ni la biashara. Anayeanza kusoma anatafuta herufi za jina lake. Mkubwa anawinda namba adimu: SU za mashirika ya umma, PT za polisi, STK za serikali. Mkielekea upande wa Nzega badala ya Kigoma kuna malori ya Burundi na Kongo, na hayo yahesabiwe kwa alama tatu. Halafu kuna namba zenyewe: herufi zinasonga mbele kwa alfabeti, hivyo gari la T lenye herufi za D limesajiliwa kabla ya la E. Mtoto akishalijua hilo anakuwa mtaalamu wa ghafla na atayakosoa magari ya watu bila huruma. Barabara ya Kaliua hadi Nguruka magari ni machache, mchezo huu utasinzia. Utumieni karibu na miji.

Dalili: "Nina njaa", nusu saa baada ya kifungua kinywa

Si njaa. Ni mdomo unaotafuta kazi. Usikatae, ila usifungue hotpoti. Mpe kitu kinachochukua muda: muwa uliokatwakatwa kwa mtoto mkubwa, kipande cha muhogo, ndizi. Soda na pipi zinaleta kiu, vidole vya kunata na kuomba kuchimba dawa. Karanga nzima siyo chakula cha mtoto wa chini ya miaka mitano, sembuse kwenye gari linalorukaruka, zinakaba. Mayai ya kuchemsha yana lishe, na yana harufu. Kama ndani kuna anayetapika, hesabu gharama mwenyewe. Wakati wa kurudi kutoka Kigoma, migebuka ya kukaanga na dagaa vikae nyuma kabisa vimefungwa, na dumu la mawese lisimame wima.

Dalili: "Nimebanwa"

Amini mara ya kwanza. Mara ya pili amini pia. Mkisimama, washuke wote, hata wanaoapa hawana mkojo, kwa sababu wataupata kilomita tano mbele.

Dalili: "Nataka simu"

Sina ugomvi na simu. Ina mahali pake, na mahali pake ni kipande cha mwisho mchana, wakati kila mtu amechoka na hakuna wa kutapika. Ukiitoa Urambo umetumia silaha ya mwisho kwenye vita vya kwanza.

Tatizo lenyewe mara nyingi ni kwamba mtandao unakatika porini, katuni inazunguka duara katikati ya skrini, na mtoto analia zaidi kuliko kama hangepewa kabisa. Pakua nyumbani usiku wa kuamkia safari, ukiwa na bando la usiku. Pakua na sauti tupu pia, hadithi za kusikiliza, ambazo haziwaumizi wenye kichefuchefu. Chaji pawabenki. Sauti itoke kwenye spika ya gari kwa wote badala ya kila mtoto na kelele zake. Ndani ya basi tumia spika za masikioni. Abiria wa siti ya jirani hakuilipia nauli katuni yako.

Dalili: kijana wa miaka 13 amenuna, hacheki na kitu

Anachukia kutendewa kama mtoto. Mpe kazi ya mtu mzima. Awe konda: ahesabu watu kabla gari halijaondoka kila kituo, atangaze miji, ashike hela za njiani na kutoa maelezo ya chenji. Au awe msaidizi wa dereva, akumbushe 50 kila mnapoingia kijijini, kabla tochi ya trafiki haijawakumbusha. Kununa kutaendelea kwa heshima, lakini ataacha kuwaharibia wadogo zake.

Mkiwa kwenye treni

Treni inampa mtoto nafasi ya kutembea, ndiyo raha yake, na ndiyo hatari yake. Milango ya mabehewa na maungio yake si mahali pa kuchezea, na mkono au kichwa dirishani hapana, hata stesheni ikiwa imejaa wauza asali. Kamba ya mafundo inafanya kazi vizuri zaidi huku, kwa kuwa treni inasimama stesheni nyingi; mwachie mtoto achore reli kwenye daftari na aoneshe inapogawanyika, Tabora kwa njia ya Mwanza, Kaliua kwa njia ya Mpanda. Tabora treni hukaa muda mrefu. Weka mchezo au chakula kikuu kwa ajili ya kusubiri huko, msije mkamaliza kila kitu kabla. Na usidharau majirani wa behewa. Mzee mmoja anayejua kusema "Hadithi, hadithi!" na kusubiri hadi watoto waitikie "Hadithi njoo!" anaweza kulituliza behewa zima. Mwombe kwa adabu, "Shikamoo mzee, watoto wanaomba hadithi", na umtengee kikombe cha chai.

Dalili: kilio kisicho na sababu, jua likikaribia kuzama

Usingizi. Kila mtu anaujua, lakini tunaendelea kumpa michezo, na michezo inamchangamsha apite kiwango. Zima redio. Kitenge, mto, sauti ya chini, hadithi ya sungura na fisi ambayo ameshaisikia; isiwe mpya, mpya itamwamsha aulize maswali. Na dereva naye akianza kupiga miayo, hiyo ndiyo dalili ya hatari kuliko zote zilizo kwenye ukurasa huu: tafuteni mahali pa kulala, Kigoma haihami.

Dalili: mmefika, na bado analia

Hii inawachanganya watu. Ametulia njia nzima, gari limeingia uani, watu kumi wametoka na vigelegele, na yeye anajificha nyuma ya gauni la mama na kupiga kelele.

Amekaa kutwa ndani ya boksi lenye sura nne anazozijua. Sasa kuna sura kumi ngeni, zote zinataka kumbeba, na kuna mtu anasema "hujaniamkia?" Mwombee radhi kwa wenyeji bila kumtukana mbele yao: "Shangazi, amechoka, akioga atakuja kukuamkia." Maji, chakula kidogo, kisha mwache akimbie na binamu zake. Salamu atazitoa baadaye, na atazitoa vizuri. Wewe rudi kwenye gari ukaioshe ile ndoo.